Kengele Bado Hajapanda

"Shangazi, unajuaje kwamba hii ndiyo mvua yenyewe, si ya kudanganya?"

Nilikuwa na miaka tisa. Yeye alikuwa mbele anachimba mashimo, mimi nyuma nimekumbatia kopo la mbegu, nadondosha punje na kufukia kwa kisigino. Alisimama, akashika kiuno, akanitazama miguu badala ya uso.

"Hapo umefukia mbegu au umezika mtu? Punguza udongo. Na funga mdomo, utameza inzi."

Maswali yangu mengi aliyajibu hivyo hivyo. Nyumbani walinibatiza Kwanini, na yeye ndiye aliyeanza. Lakini swali hilo sikuwa naliuliza peke yangu. Bonde zima lilikuwa linajiuliza, ila watu wazima waliona haya kulitamka.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Shamba lake liko pale barabara inapokata kona kabla ya kushuka bondeni, kwa hiyo huwezi kwenda shule, zahanati wala mashine ya kusaga bila kulipita. Ukitaka kujua kama amepalilia huulizi mtu, unageuza shingo tu. Mume wake alifariki mimi nikiwa natambaa, na watoto wake wako mjini. Nyumba yake ina vyumba viwili, stoo ya pembeni, na mlango unaokwaruza sakafu, hivi kwamba akitoka kila jirani anajua ametoka. Ni mrefu, mkavu, na ana sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Hata hivyo jina la Kengele halikutokana na sauti.

Hadithi ya jina hilo naweza kuisimulia nikiwa nimelala. Zamani, kabla sijazaliwa, mvua ilishuka mapema, nzito, yenye radi, na bonde zima likatoka na majembe. Shangazi hakutoka. Watu walipita wakamwona amekaa kibarazani anachambua maharage, kama vile mvua ile inanyesha nchi nyingine. Wakamcheka. Mvua ikakatika, jua likawaka, miche ya watu ikakauka, na ndipo yeye na mume wake walipotoka na mbegu zao. Kesho yake ikaanza mvua ya kweli. Mwaka ule shamba moja tu lilivuna, na watu walilipita wamebeba vikapu vitupu.

Tangu hapo yeye ndiye akawa kengele ya bonde, hakuna aliyetia mbegu ardhini kabla yake. Wingu likionekana, watoto walitumwa konani kuchungulia.

"Kengele kashapanda?"

"Bado."

Basi jembe linarudi nyuma ya mlango.

Mwaka ule nilipouliza swali langu, mvua ilikuwa imenyesha usiku na mchana. Asubuhi shangazi alichimba kwa mkono hadi udongo ukameza kiwiko, akatoa tope jeusi, akalifinya. Lilishikana. Akaingia stoo kutoa mbegu. Tulikuwa bado kwenye mistari ya kwanza bwana shamba alipofika na pikipiki yake, koti la mvua limemganda mgongoni.

"Mama, habari za kazi?"

"Njema, mwanangu. Karibu ushike jembe."

"Nikishika jembe pikipiki itaona wivu." Alizima injini. Alikuwa kijana bado, na alikuwa mtu wa adabu. "Mama, nimetumwa nipite kila nyumba. Taarifa ya hali ya hewa inasema hii mvua ni ya kupita. Itakatika, kisha ndiyo ije ya msimu. Subirini kidogo."

"Hiyo taarifa imeushika udongo huu?"

"Haijaushika, mama."

"Mimi nimeushika."

Bwana shamba alikwangua tope kwenye buti lake, akanitazama kama anayeomba msaada, akawasha pikipiki. Nyuma ya ua kulikuwa na fundi baiskeli, jirani yetu, ambaye alikuwa na karakana ndogo na shamba kubwa. Alikuwa amesikia yote.

"Bwana shamba kapewa mtihani, kaacha karatasi nyeupe!" alipiga kelele, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akakimbia kumwita mke wake. Kabla ya jua la utosi bonde lote lilikuwa limeinama.

Mahindi yaliota vizuri, mistari imenyooka kama ya daftari. Kisha mawingu yakaondoka. Mwanzo watu walisema ni vizuri, miche inahitaji joto. Baadaye wakaacha kusema. Upepo wa moto ulianza kupita mchana, majani yakajikunja kama karatasi ya kusokotea sigara, ncha zikawa njano, kisha rangi ya majivu. Mama yangu alimwagilia mstari mmoja kwa kikombe, kila asubuhi, mstari ule ule, akijua wazi haiwezekani kumwagilia shamba. Nilimuuliza kwa nini huo mmoja. Akasema, "Niache na huu wangu." Wengine walifukua na kupanda upya kwa mahindi waliyokuwa wameweka ya kula. Hayo nayo yakaota, yakaungua.

Mvua ya msimu ilikuja baadaye, kama alivyosema bwana shamba. Ilinyesha kwa utaratibu, mfululizo, kama mtu aliyefika kwenye miadi na hajui kwa nini wenzake wamenuna. Hakuna aliyekuwa na mbegu. Ikaotesha majani. Sijawahi kuliona bonde letu la kijani kiasi kile. Mgeni angepita angesema hawa wamejaliwa.

Kilichofuata sikukielewa vizuri wakati ule, nilikuwa nakiona tu. Mashine ya kusaga, tuliyozoea kuisikia tangu asubuhi, ikawa inawashwa Jumamosi peke yake. Kisha hata Jumamosi mwendeshaji akawa anakaa kwenye benchi la mlangoni akijipepea na kifuniko cha ndoo. Kwa fundi baiskeli watu waliacha kuleta baiskeli za kutengenezwa, wakaanza kuleta za kuuza, na yeye hana wa kumuuzia. Darasani mwalimu wetu, ambaye ukisinzia alikuwa anarusha kipande cha chaki kikakupata sikioni, aliacha kurusha. Alikuwa anafungua madirisha tu.

Niliyekaa naye dawati moja alikuwa binti wa fundi baiskeli. Tulimwita Kidoti. Tangu darasa la kwanza nilikuwa nalalamika kwamba Kidoti ananibana. Wiki moja hakuja. Mama yake alikuwa amewachukua watoto wote kwenda kwa kaka yake, mbali, kunakolimwa kwa maji ya mfereji. Nikabaki na dawati zima, na sikujua pa kuweka viwiko.

Lakini kabla hajaondoka, huyo mama Kidoti aliniona kwenye foleni ya bomba. "Kwanini, shangazi yako mzima?"

"Mzima, shikamoo."

"Marahaba. Mwambie akipiga kengele nyingine atupe taarifa mapema, tuje na sufuria tuchume majani."

Wanawake wakacheka, kicheko kifupi, cha mdomoni. Shangazi alikuwa nyuma yangu katika foleni ile ile na ndoo yake. Nilimwona akimpisha aliyekuwa nyuma, kisha aliyefuata, mpaka akabaki wa mwisho. Kuanzia hapo akawa anakwenda bombani mchana wa jua kali, wakati hakuna mtu.

Mama yangu alijaribu kumtania, maana mtu na wifi yake lazima wataniane. "Wifi, na hilo jua la mchana, unataka likukaushe nawe?"

"Nikikauka mtanisaga. Angalau mashine ipate kazi."

Mama alicheka peke yake, akanyamaza katikati.

Baba naye alimwambia, "Dada, watu wanasahau."

"Wakisahau utanijulisha."

Ajabu ni kwamba hawakusahau, wala hawakuacha kumtazama. Mimi nilidhani msimu uliofuata kila mtu atapanda kwa akili yake. Shangazi mwenyewe alitaka hivyo. Mbegu zilizokuwa zimepatikana, za kuomba kwa ndugu na za kugawiwa, zilikuwa za kupanda mara moja tu, na ukikosea ni kufuata njia ya mama Kidoti. Shangazi alipita nyumba kwa nyumba. "Pandeni mnavyojua wenyewe. Msinitazame mimi." Basi watu wakakaa wakitafsiri. Mmoja akasema ana maana tungoje. Mwingine akasema hapana, ana maana tuharakishe ila anaogopa kulaumiwa. Siku aliyobeba jembe kwenda kunoa, nyumba za upande wa juu zilitoka mbio na mbegu. Alipolirudisha na kulisimamisha ukutani, wakarudi ndani. Mwisho alipanda kwa kuogopa ogopa, bonde likapanda naye limechelewa, na tulichovuna kilifika nusu ya stoo. Hakuna aliyemshukuru wala kumsema. Lile jina ndilo lilibaki palepale.

Sasa niko kidato cha tatu, na bado nauliza. Mwaka huu mvua imeanza mapema, na goti la shangazi limevimba. Ni goti tu. Aliteleza stoo akitoa debe, likageuka saizi ya boga. Kila nikitoka shule napita kwake, nachemsha maji na kulikanda kwa kitambaa. Siku moja nilikuwa nimetoka kwenye somo la jiografia, kichwa kimejaa.

"Shangazi, unajua kuna nchi wanalima matunda, miti ikishatoa maua, baridi ikishuka alfajiri moja tu, mwaka mzima umekwisha? Wanawasha vimoto kati ya mistari, shamba zima."

"Wanaiotesha miti moto?"

"Ndiyo."

"Kama wagonjwa!" Alifurahi mpaka akasahau kuguna. "Na baridi ikiwashinda?"

"Wengine wanalipwa na bima. Wengine wanauza shamba. Na kwingine mto unapanda unabeba mpunga ukiwa umeiva, na hao hawana bima wala shamba la kuuza, wanahama."

"Wanamlaumu nani?"

Sikuwa nimefikiria. "Hali ya hewa, nadhani."

"Hali ya hewa." Alilisema polepole kama anayeonja chumvi. "Hiyo haipangi foleni bombani. Bahati yao. Na nani anawaamsha wakawashe moto?"

"Kuna kipimo cha joto shambani. Baridi ikizidi, kinalia."

"Kumbe nao wana kengele."

"Ya chuma."

"Basi hiyo haina majirani." Akavuta goti lake, akaniashiria niongeze maji ya moto.

Wakati tunaongea mvua ilikuwa inanyesha nje, nzuri, ya kuingia ardhini. Na shamba la konani lilikuwa tupu. Na yaliyo chini yake, hadi mtoni, yalikuwa matupu.

Nilijua kwa nini. Nilikuwa nimeshawaambia watu wengi barabarani, anaumwa goti. Muuza duka alinikonyeza. "Goti! Goti la Kengele lina akili kuliko sisi wote." Fundi baiskeli, ambaye aliwafuata mke na watoto kwa shemeji yake, akarudi peke yake, wao wakabaki huko, aliniuliza kwa sauti ya chini kama anayenunua dawa, "Linauma sana au linauma kidogo?" Nilipomweleza shangazi alijifunika goti kwa khanga. Akaniuliza tu, "Na bwana shamba anasemaje safari hii?"

Bwana shamba alikuwa anasema pandeni sasa hivi. Msimu utakuwa mfupi, atakayechelewa mahindi yake yatakosa maji yakiwa yanabeba. Alisema hivyo kwenye simu za watu, akasema kwa kipaza sauti, na alipoona bado mashamba yako wazi akaitisha mkutano. Ulifanyika darasani kwetu siku ya Jumamosi. Watu wazima walijibana kwenye madawati yetu, magoti yamewafika kifuani. Mimi nilimleta shangazi kwa kumshika mkono. Aling'ang'ania kuja, na kila hatua alikuwa analitukana goti kimoyomoyo, midomo inacheza. Tulikaa mlangoni.

Bwana shamba ameanza kuota mvi siku hizi, ila pikipiki ni ile ile. Alieleza vizuri, hakumdharau mtu. Alipomaliza, akauliza kama kuna swali. Ndipo fundi baiskeli akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Tumekusikia, bwana shamba, na hatuna ubaya na wewe. Lakini mimi mwaka ule nilipoteza kila kitu kwa kumfuata dada huyu, na bado nasema tumsikie yeye. Kengele hajapanda. Akipanda, nitapanda."

"Kweli," wakasema wa nyuma.

"Mzee, mama anaumwa goti," bwana shamba akasema.

"Ndivyo anavyosema."

Watu wakacheka. Bwana shamba alikaa kwenye meza ya mwalimu, akavua kofia. Nilimwona amechoka. Nikamwona na fundi, suruali imeshikwa na mkanda uliotobolewa tundu jipya, amegeuza uso mzima kuelekea mlangoni kwetu. Alikuwa na mbegu za kupanda mara moja, kama wengine wote mle ndani, na mvua ilikuwa inapita juu ya bati.

Shangazi akasimama. Alijishikilia kwenye fremu ya mlango.

"Dada, kaa, utaumia," baba akasema kutoka dawati la pili.

"Nimekaa miaka mingi mno. Nyie, sikilizeni. Huyu mtoto wa kaka yangu, huyu Kwanini wenu, aliwahi kuniuliza ninajuaje mvua ya kweli. Sikumjibu. Nitamjibu leo, nanyi mkiwepo."

Hakupaza sauti yake ile ya ng'ambo. Alisema kama anaongea nami tu, akiwa amenitazama.

"Mwaka ule mnaousimulia, mimi na marehemu tulikuwa tumenuniana."

"Dada!" Baba alikuwa ameshainuka nusu.

"Niache, kaka. Tulikuwa tumenuniana. Aliuza mbuzi wangu bila kuniambia, nikamtolea maneno ambayo mke hasemi. Akabeba ufunguo wa stoo, akaenda kukaa kwa mama yake. Mbegu zimefungiwa ndani. Mvua inanyesha, mimi sina cha kupanda. Nikakaa pale nje na maharage, nachambua, nikimaliza nayamwaga nachambua tena, ili mkipita msijue kwamba nyumba ina ugomvi. Mlipocheka nilishukuru, nilisema heri wacheke hilo. Alipochoka kununa akarudi na ufunguo, tukapanda, ikanyesha. Mkasema nina akili. Mlitaka niseme nini?"

Mtu mmoja alicheka puani. Muuza duka alijifunika uso kwa kiganja. Fundi baiskeli hakucheka.

"Na mwaka wetu sisi?" akauliza. "Ule ulionibebea watoto?"

Shangazi aliachia fremu ya mlango. Nilihisi mkono wake ukinikaza begani, maana sasa alikuwa ameuhamishia kwangu uzito wote.

"Miaka ya katikati nilikuwa nasubiri tu mpaka nichoke. Mwaka wako, jirani yangu, nilikuwa nimeshaitwa Kengele mpaka nikaamini. Huyu kijana alinisimamia shambani akaniambia kweli, na mimi nikamjibu kama mtu anayejua. Sikujua, Kwanini. Sikujua siku ile, sikujua siku nyingine yoyote. Hapa ninaumwa goti, basi. Nendeni mkapande, na mkifika konani msigeuze shingo."